Anzia Pembeni: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri ya Kusafisha Madirisha

Wenye nyumba wengi hukagua dirisha vibaya. Husimama katikati ya sebule, wakatupa jicho kwenye kioo, wakaona mwembe wa jirani unaonekana vizuri, basi: kazi imekwisha, pesa inatolewa. Lakini katikati ya kioo ni mahali ambapo hata asiyejua kazi hufanya vizuri, kwa kuwa mkono hufika pale kwanza na hurudi pale mara nyingi. Ubora wa kazi hii uko pembeni: kwenye pembe nne za kioo, kwenye raba inayokishika, kwenye reli ya chini na kwenye wavu wa mbu. Anayejua kuangalia huanzia huko, na kabla hajafika katikati ameshatambua aliyesafisha alianza na nini, alitumia maji gani na alichoka wapi.

Ninawaandikia zaidi watu wa mwambao, wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa na miji iliyo kati yake, maana madirisha yetu yana taabu ambazo mtu wa Iringa au Nakuru hazijui sana. Upepo wa bahari hubeba matone madogo mno ya maji ya chumvi. Maji hukauka, chumvi hubaki kiooni. Chumvi hiyo si ile iliyosafishwa ya mezani; ina magnesiamu, na magnesiamu hiyo huvuta unyevu wa hewa. Ndiyo sababu dirisha linalotazama bahari huwa kavu saa saba mchana, ikifika usiku linanata, na kinachonata hukamata vumbi. Juu ya chumvi na vumbi ongeza moshi wa mkaa, mvuke wa mafuta ya kukaangia na moshi wa magari, halafu ongeza chokaa ya maji ya kisima ambayo mtu mwenyewe aliimwaga kiooni akidhani anakiosha. Mchanganyiko huo hautoki kwa kupanguswa na kitambaa kikavu, na hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote.

Kipimo cha Mohs hupanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Kioo cha kawaida cha dirisha kiko karibu na 5.5. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa barabarani, iko 7. Anayechukua tambara kavu akalisukuma juu ya kioo chenye vumbi anakuna kioo kwa kitu kigumu kukizidi, na kadiri anavyobonyeza ili king'ae, ndivyo anavyokikwaruza. Mikwaruzo hiyo ni myembamba, haionekani siku ya kwanza. Baada ya miaka, kioo cha mbele ya nyumba huwa na ukungu ambao hakuna sabuni itakayouondoa. Ukitaka kujua kama dirisha lako limeshaanza kuliwa hivyo, ngoja usiku, zima taa, washa tochi ya simu na uielekeze kwenye kioo kwa mshazari. Mikwaruzo ya tambara kavu huonekana kama nywele zilizopinda, zote zikifuata mzunguko wa mkono wa mtu. Ukiiona, usimlaumu aliyesafisha leo. Ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi nzuri ni kwamba uchafu hulainishwa kwa maji, ukaelea, ukaondoka pamoja na maji yake. Kusugua ni kidogo, kuondoa ndiko kwingi. Madirisha mengi yanayoonekana machafu saa moja baada ya kusafishwa hayakukosa nguvu ya mkono. Uchafu wake ulisogezwa kutoka mahali pamoja ukapelekwa pengine, na sabuni ikaachwa hapo hapo ikauke. Ni sawa na kuosha sahani ukaipanga kabatini na povu lake.

Saa ya kukagua ni jambo la kwanza la kuchagua. Mchana mwanga ni mwingi, unatoka juu, na unasamehe makosa. Jua linapokuwa chini, mnamo saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, mwanga hupita kioo kwa ubavu na kila mchirizi hujitokeza. Usisimame mkabala na dirisha. Simama ubavuni, shavu lako karibu na ukuta, uangalie kioo kwa mshazari. Kisha rudia kutoka upande wa pili, kwa sababu mchirizi unaofichika ukiwa kushoto huonekana ukiwa kulia.

Iko njia nyingine isiyo na gharama: pumua juu ya kioo. Hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi mapema kioo kikiwa bado na ubaridi, au chumbani kwenye kiyoyozi. Mvuke wa pumzi ukitulia sawasawa kama utando mmoja na ukaondoka sawasawa, kioo ni safi. Ukiona mistari, duara, alama za vidole au njia ya kitambaa ikijichora ndani ya mvuke, hapo kuna mafuta au sabuni iliyobaki. Jambo hili si hadithi za watu wa usafi tu. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliandika kulihusu katika jarida la Nature mwaka 1911, akichunguza jinsi mvuke unavyotulia kwa namna tofauti juu ya kioo kilicho safi na kisicho safi. Mimi hukipumulia kioo sehemu ya chini kulia kwanza, kwa sababu anayetumia mkono wa kulia mara nyingi humalizia pale, na pale ndipo kitambaa huwa kimeshalowa.

Sasa mpangilio wa kazi, maana huo ndio unaomtenga anayejua na asiyejua. Kioo husafishwa mwisho. Kwanza wavu, kisha nondo, kisha fremu, kisha reli, ndipo kioo. Anayeanza na kioo kwa kuwa ndicho kinachoonekana atajikuta anakichafua mwenyewe atakapogusa wavu, na wengi, wakijua hivyo, huamua wavu usiguswe kabisa. Wavu wa mbu ndio unaokula vumbi na masizi ya miezi. Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga, maji yanapita kwenye wavu, yanachukua yale masizi na kuyarusha kiooni. Ukiona kioo kina vidoa vidogo vilivyopangika kwa mistari iliyonyooka, juu hadi chini na kushoto kwenda kulia, ujue ni uchafu wa wavu. Hakuna haja ya kubishana: chukua karatasi laini nyeupe, ibonyeze kwenye wavu taratibu, uitazame. Wavu unaotoka kwenye fremu yake utolewe, ulazwe kwenye sakafu iliyosafishwa, uoshwe kwa brashi laini na maji ya sabuni, usuuzwe na ukauke kivulini kabla ya kurudishwa. Uliogongewa misumari kwenye mbao huoshwa palepale ulipo, kwa sponji, kutoka juu kwenda chini, kitambaa kikiwa kimetandikwa chini yake.

Nondo ni nyumba ya kutu. Chumvi ikiingia chini ya rangi, chuma kinavimba, rangi inabanduka, na kila mvua huacha mchirizi wa kahawia kwenye kizingiti. Msafishaji mzuri hufuta nondo kwa kitambaa chenye unyevu na kumwambia mwenye nyumba mahali rangi ilipobanduka. Kuziba kutu si kazi yake, lakini kuiona ni yake, na anayekuonyesha kutu usiyoijua amestahili kuitwa tena.

Reli ya chini ya dirisha la alumini, lile la kusukuma pembeni, ndiyo mtihani ninaouheshimu kuliko yote. Humo hukusanyika mchanga, nywele, mbawa za kumbikumbi, mijusi waliokauka na vipande vya plasta vya tangu nyumba inajengwa. Mchanga ukikaa humo, magurudumu ya dirisha huusaga, yakaisha, na dirisha likaanza kugoma. Chini ya reli, upande wa nje, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikiziba, mvua ya masika haina pa kwenda ila ndani, na watu huita fundi wa alumini kwa tatizo la uchafu. Reli inataka utaratibu ulio kinyume na wa kioo: kwanza kavu, kisha maji. Mchanga wa relini ufagiliwe ukiwa mkavu kwa brashi ya rangi au mswaki wa zamani, unyonywe kwa mashine kama ipo, ndipo ufuate unyevu. Anayemwaga maji kwanza anatengeneza tope, na tope hilo ndilo linaloziba vitundu. Kuikagua ni rahisi. Mimina glasi ya maji relini, taratibu, kisha tazama nje. Maji yakitoka chini ya fremu ndani ya muda mfupi, kazi ya reli imefanyika. Yakisimama kama bwawa, haikufanyika, hata kama reli inang'aa kwa juu.

Kuhusu sabuni, watu wetu wana mkono mzito. Ndoo ya lita kumi hutosheka na vijiko viwili au vitatu vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Povu jingi huleta furaha ya macho na taabu ya baadaye, kwa kuwa kila povu lazima lioshwe, na lisipooshwa hukauka likawa utando. Sabuni ya unga ya kufulia haifai kabisa kwenye kioo. Ina chumvi nyingi zinazobaki zikikauka, na zikibaki kwenye raba na fremu huzichosha. Sabuni ya mche ni mbaya zaidi kwenye maji magumu, kwa sababu hushikana na chokaa ya maji na kutengeneza ukoko mweupe usioyeyuka, ule ule unaouona ukingoni mwa beseni la kufulia.

Maji yenyewe yanastahili kufikiriwa. Unguja na kisiwa cha Mombasa vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji ya visima vyake hubeba chokaa iliyoyeyuka. Visima vingi vya Dar es Salaam vilivyo karibu na bahari vina chumvi ambayo hata ulimi huijua. Ukiosha kioo kwa maji hayo ukaacha yakauke yenyewe, umekichafua kwa namna mpya. Alama yake ni hii: doa la mviringo, katikati pasafi au na ukungu kidogo, na ukingo wake mweupe na mnene, kwa sababu tone linapokauka husukuma kilichoyeyuka ndani yake kwenda pembezoni. Madoa ya namna hiyo yakiwa mengi chini ya dirisha la bafuni au kwenye ukuta unaorushiwa maji ya bustani, sababu ni maji yenyewe. Hapo sabuni haisaidii. Inatakiwa siki nyeupe ya dukani, ambayo huwa na asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 4 hadi 5, ichanganywe na maji nusu kwa nusu, ilowekwe kwenye kitambaa, kitambaa kibandikwe juu ya madoa kwa dakika kadhaa, kisha kioo kisuuzwe. Angalia tu siki isichuruzike kwenye kizingiti cha terazo au cha marumaru, wala kwenye plasta ya chokaa ya nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, maana asidi inayokula chokaa ya kioo haitaacha kula chokaa ya kizingiti. Kama una maji ya mvua uliyoyakinga, au maji laini ya bomba, yahifadhi kwa suuzo la mwisho. Hilo peke yake hubadilisha kazi nzima.

Na maji yabadilishwe. Ndoo iliyoosha madirisha matatu ya upande wa barabarani ina mchanga chini yake, na sponji inayochovywa mpaka chini huurudisha mchanga kiooni. Nikifika nyumba inaposafishwa, kabla ya kutazama dirisha lolote huchungulia ndoo.

Gazeti. Hapa ugomvi ni wa zamani, na ninausema mtazamo wangu waziwazi: gazeti lilifaa zama zake na bado linaweza kufaa kwa kukausha kioo kilichokwishaoshwa, kwa kuwa halitoi nyuzi. Halifai kuosha. Likilowa linakatika vipande vinavyojikusanya pembeni mwa raba, na wino wake huhamia kwenye fremu nyeupe na kwenye vidole. Pitisha kidole safi kwenye fremu nyeupe karibu na kioo. Kikitoka na weusi, umejua kilichotumika. Kanga mpya nayo haifai, kwa kuwa ina wanga wa kiwandani na haifyonzi maji. Kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, au fulana ya pamba isiyovaliwa tena, ni kitambaa kizuri sana, alimradi haikufuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huacha mafuta kwenye nyuzi na nyuzi huyapaka kwenye kioo. Vitambaa vya maikrofaiba vinavyouzwa siku hizi ni bora kuliko vyote hivyo, na kosa linalofanywa navyo ni kukitumia kimoja kwa fremu na kwa kioo. Viwe viwili, vya rangi mbili, na visichanganywe.

Lakini chombo chenyewe cha fundi ni waipa ya mkono, ule mpini wenye ulimi mmoja wa mpira. Muundo wake wa leo ulitolewa na Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa akisafisha madirisha Oakland, California. Vifaa vya kabla yake vilikuwa vya chuma, vizito, vyenye mipira miwili na skrubu nyingi. Yeye alitengeneza cha shaba nyeupe, chepesi, chenye ulimi mmoja, akapata hataza yake mwaka 1938. Ukimwona mtu anavyoitumia waipa, utajua uzoefu wake ndani ya dakika moja. Asiyejua huiweka juu ya kioo kilicholowa na kuivuta chini. Mpira unaruka, unalia, na kuacha vijistari. Anayejua hukausha kwanza ukanda mwembamba juu kabisa ya kioo kwa kitambaa, upana wa kidole, ili mpira uanzie mahali pakavu. Huinamisha waipa kidogo ili maji yaelekee upande ambao haujapitishwa. Kila mvuto hupanda juu ya ule uliopita kwa upana wa vidole viwili hivi. Na baada ya kila mvuto, kila mmoja, hufuta ulimi wa mpira. Kuacha hatua hiyo ndiko kunakoleta mistari mingi ya kusimama tunayoiona madirishani.

Mistari ya waipa husomeka. Mstari mmoja mwembamba unaojirudia mahali pale pale katika kila mvuto unasema mpira una pengo. Ugeuzwe au ubadilishwe. Mistari minene kati ya mvuto na mvuto inasema mvuto haukupandana na mwenziwe. Michirizi ya machozi inayoshuka kutoka kwenye raba ya juu inasema raba haikufutwa, maji yalijificha humo yakangoja fundi aondoke. Kosa hili la mwisho halionekani wakati wa kukabidhi kazi. Ngoja nusu saa, kunywa chai, kisha rudi utazame. Anayejua kazi atakuwa ameshapitisha kitambaa kikavu kuzunguka kioo chote, ukucha ukisukuma kitambaa mpaka kwenye kona.

Kuna hila ndogo ya watu wa kazi hii ambayo inastahili kuenea: ndani futa kwa mivuto ya kulala, nje kwa mivuto ya kusimama. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani wa kioo, na hakuna atakayehangaika kusugua upande usiohusika.

Luva zinataka sura yake peke yake. Nyumba nyingi za Upanga, Ilala na Kinondoni jijini Dar es Salaam, na shule na ofisi za serikali pwani nzima, bado zina dirisha la vioo vilivyopangwa kama vidato, na watu wanazichukia kwa sababu kila kioo kina pande mbili na kingo mbili. Kosa la kawaida ni kufunga luva na kuzifuta kama kioo kimoja. Zikifungwa, ukingo wa kila kioo hulala juu ya mwenzake, na sehemu hiyo iliyofichwa haiguswi. Zikifunguliwa jioni, unaona mistari myeusi inayokatisha dirisha zima, yote kwa umbali ulio sawa. Nimemtazama mama mmoja wa Tanga akizifanya kama inavyotakiwa. Alizifungua mpaka vioo vikalala sambamba na sakafu, akavaa soksi ya pamba mkononi iliyolowekwa maji ya sabuni, akabana kila kioo kati ya vidole na kiganja, juu na chini kwa pamoja, akavuta kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha soksi ya pili yenye maji matupu. Kisha ya tatu, kavu. Alianza kioo cha juu kabisa na hakurudi nyuma hata mara moja. Vibanio vya alumini vinavyoshika vioo alivifuta kwa mswaki, kwa uangalifu, kwa kuwa chumvi huvila na kibanio kilicholegea huangusha kioo. Yeye hazichomoi luva, na namwunga mkono: vibanio vya zamani vikikunjwa mara mbili tatu vinakatika, na kingo za vioo vya zamani hazikusagwa zote, zinakata.

Nyumba mpya ina balaa lake: rangi, gundi na saruji. Saruji mbichi ina ukali wa chokaa, na ikikaa kiooni siku kadhaa hula uso wa kioo. Hata ikibanduliwa huacha kivuli. Huila alumini pia. Kwa hiyo dawa yake ni kufunika madirisha kwa nailoni kabla plasta haijaanza, na kuosha matone siku hiyo hiyo. Fundi anayekuahidi kuondoa kivuli cha saruji cha miezi sita kwa stili waya anakupeleka kwenye hasara ya pili, maana stili waya itaacha mikwaruzo juu ya kivuli. Matone ya rangi yaliyokauka hutolewa kwa wembe mpana wa kukwangulia, lakini kwa masharti: kioo kilowe maji ya sabuni, wembe uwe mpya, ulale karibu kabisa na kioo, na usukumwe mbele tu, usirudishwe nyuma ukiwa bado umegusa. Na kabla ya yote, tazama kona ya kioo kama kuna muhuri mdogo uliochapwa. Milango mikubwa ya vioo na vioo vya bafuni mara nyingi huwa vimeimarishwa kwa moto mkali na kupozwa ghafla, na vingine hutoka kiwandani na chembe ndogo za kioo zilizogandia juu yake. Wembe huziburuta chembe hizo na kukichora kioo chote. Penye muhuri, acha wembe. Tumia kitambaa, maji ya moto kiasi na subira.

Mkaguzi mwenye haki lazima atofautishe uchafu na kilema cha kioo. Vioo tunavyovijua leo, vilivyo tambarare kabisa, hutengenezwa vikielea juu ya bati lililoyeyuka, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, iliitangaza mwaka 1959. Nyumba za kabla ya hapo zinaweza kuwa bado na vioo vyenye mawimbi, na ukitikisa kichwa unaona nguzo ya nje inapinda. Mawimbi hayo yana uzuri wake na hayafutiki. Msimtese mtu kuyafuta. Vilevile ukungu wenye rangi za upinde wa mvua kwenye kioo kilichowahi kuhifadhiwa penye unyevu ni kioo chenyewe kilichooza. Na vile vioo vinavyoakisi vya buluu au kahawia, vilivyojaa kwenye nyumba mpya, baadhi vina utando wa metali upande mmoja unaokwaruzika upesi. Vinahitaji kitambaa laini tu. Penye tinti ya kubandika, dawa ya vioo yenye amonia isitumike, kwa sababu huiharibu tinti.

Dawa kali za chooni zibaki chooni. Asidi yake hula alumini na kuiacha na mabaka yasiyorudi. Na siki isichanganywe na jiki kwa vyovyote; mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Jiki na amonia pia hutoa gesi ya sumu.

Juu ya jua niseme machache: kioo cha moto hukausha maji ya sabuni kabla ya waipa kufika, kwa hiyo fuata kivuli cha nyumba, magharibi asubuhi na mashariki jioni. Kwa Dar es Salaam kumbuka kwamba jua la mchana hupiga ukuta wa kaskazini mwezi Juni na wa kusini mwezi Desemba.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko michirizi yote. Katika majengo ya ghorofa, wanaosafisha vioo kwa nje mara nyingi ni wasaidizi wa nyumbani, mabinti wadogo, ambao hukaa kwenye kizingiti miguu ikiwa ndani na kiwiliwili nje, mkono mmoja umeshika fremu ya alumini isiyotengenezwa kubeba uzito wa mtu. Mwaka 2012, baada ya vifo vya wafanyakazi wa nyumbani walioanguka kutoka maghorofani, Singapore iliweka sharti: msaidizi wa nyumbani asisafishe upande wa nje wa dirisha isipokuwa nondo zimefungwa na mtu mzima yupo anamsimamia. Sharti hilo linafaa pia kwa nyumba zetu, na kwa dada zetu walioko Uarabuni wanaofanya kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo unapoajiri mtu, mpe ndoo mbili, waipa yenye mpira mzima, vitambaa vya rangi mbili na muda wa kutosha. Siku moja haitoshi kwa nyumba nzima yenye luva. Kagueni pamoja: "Dada, naomba tutazame reli hii," ni maneno yanayofundisha na hayavunji heshima. Mlipe kwa reli na wavu, si kwa kioo peke yake. Na kama upande wa nje wa ghorofa ya nne haufikiki ila mtu akae kizingitini, tafuta wenye mipini mirefu au wenye kamba na mikanda. Ukikosa pesa ya kuwalipa, acha kioo kichafuke, na binti wa watu usimtume huko.